Mafiga Matatu ya Takwimu za Saratani

Mnamo Oktoba 1961 gari moja kuukuu liliondoka Kampala likielekea kusini. Ndani yake walikuwamo madaktari watatu: Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, pamoja na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Hawakubeba mitambo ya ajabu wala dawa mpya. Walichukua picha za watoto waliovimba taya, na katika kila hospitali waliyoifikia waliuliza swali lile lile, yaani kama ugonjwa huo umepata kuonekana mahali hapo. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri kiasi cha kilomita 16,000, wakapita Tanganyika, wakashuka hadi kusini mwa Afrika, na kutembelea hospitali zaidi ya 50.

Safari hiyo haikugharimu fedha nyingi, lakini matunda yake yamo katika vitabu vya tiba hadi leo. Sababu ni kwamba madaktari hao waliuliza juu ya saratani swali ambalo kwa kawaida huulizwa na mwanajiografia: iko wapi, na haiko wapi?

RAMANI ILIYOFUNDISHA

Burkitt alianza kuwaona watoto wenye uvimbe huo mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaandika juu yake. Uvimbe wenyewe hukua upesi mno, na mara nyingi huanzia tayani. Leo ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt, nao ni aina mojawapo ya saratani ya watoto.

Majibu yaliyopatikana hospitalini yalitiwa katika ramani, nukta moja moja, na umbo likajitokeza: mkanda mpana unaolikata bara la Afrika katikati, kaskazini na kusini ya Ikweta. Lakini mkanda huo ulikuwa na matundu. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulikuwa adimu katika nchi zilizoinuka zaidi ya meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri safari ilivyoelekea kusini, mpaka huo ulishuka, hata ukafikia kiasi cha meta 300 tu.

Kwa nini mpaka ushuke? Mwanafunzi wa jiografia anaweza kujibu. Mahali pawili penye mwinuko sawa hapana joto sawa. Palipo mbali na Ikweta huwa na baridi zaidi. Kwa hiyo kilichouzuia ugonjwa si mwinuko wenyewe bali ni joto. Ugonjwa ulikuwa adimu mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Baadaye ilionekana pia kwamba ni adimu katika nchi kavu, zinazopata mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka. Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki huko Entebbe, alitambua kwamba ramani ya namna hiyo hufanana na ile ya maradhi yanayoenezwa na wadudu.

Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ndani ya seli zilizotoka katika uvimbe wa mgonjwa wa Uganda. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, kimeonekana kuwamo mwilini mwa watu wengi duniani kote. Kinacholipa ramani umbo lake ni malaria kali isiyokatika mwaka mzima, ambayo huvuruga kinga ya mwili wa mtoto na kukiachia kirusi nafasi ya kuleta madhara. Mbu ndiye aliyekuwa amechora ule mpaka wa joto na mvua.

Mtaalamu aliyeinamia hadubini katika hospitali moja asingeweza kuuona mpaka huo. Hadubini ilionyesha ugonjwa ni wa aina gani. Ni ramani iliyoonyesha mahali pa kutafuta chanzo chake.

NAFASI TUPU INA MAANA TATU

Hata hivyo, ramani ya nukta inaweza kumdanganya mtu. Nafasi tupu katika ramani ya ugonjwa huweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza, ugonjwa haupo. Ya pili, watu hawapo. Ya tatu, ugonjwa upo na watu wapo, ila hakuna mganga wa kuutambua wala wa kuuandika.

Burkitt aliikwepa hatari ya tatu kwa kuandika pia hospitali ambazo waganga wake walisema hawajauona ugonjwa huo. Jibu la "hapana" kutoka kwa mganga anayeujua ugonjwa lina thamani sawa na jibu la "ndiyo". Ukimya haumo katika majibu hayo. Hatari ya pili yahitaji dawa nyingine. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi zina msongamano mkubwa wa watu. Uchache wa wagonjwa huko ulikuwa habari nzito. Lakini nyika isiyo na watu haiwezi kutoa wagonjwa wengi, hata kama kila mkazi wake yumo hatarini. Ili kuzitofautisha hali hizi mbili, ni lazima watu wawe wamehesabiwa.

Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Takwimu za saratani za taifa nazo hukaa juu ya mafiga matatu: daftari la wagonjwa, sensa ya watu, na ramani ya nchi. Likikosekana moja, chungu hupinduka.

KIASI NA ASILI

Kila mwanafunzi amejifunza kwamba sehemu huwa na kiasi juu na asili chini. Katika takwimu za saratani, kiasi ni idadi ya wagonjwa wapya waliogunduliwa katika mwaka mmoja. Asili ni idadi ya watu wote ambao wagonjwa hao wametoka miongoni mwao. Jibu huzidishwa kwa 100,000, likaitwa kiwango cha mwaka kwa kila watu 100,000.

Hospitali inajua kiasi tu. Ikisema kwamba imepokea wagonjwa 500 wa saratani, haiwezi kusema wametoka miongoni mwa watu wangapi, kwa kuwa milango yake haina mipaka. Ndiyo maana yakaanzishwa madaftari ya saratani ya namna nyingine, ambayo huanza kwa kuchagua eneo lenye mipaka inayojulikana, kisha hutafuta kila mgonjwa aishiye ndani ya mipaka hiyo, popote alipotibiwa. Daftari la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1951, ni miongoni mwa yale ya zamani zaidi katika Afrika. Lilichagua eneo la Kyadondo, ambamo mji wa Kampala umo. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa na mipaka, na wakazi wake waliweza kuhesabiwa, takwimu zake zilistahili kuingia katika kitabu cha kwanza cha kulinganisha saratani katika mabara matano, kilichotolewa mwaka 1966.

UMRI UNAVYOPOTOSHA

Hata kiasi na asili vikipatikana, kazi haijaisha. Msomaji na achukue mfano wa kubuni wa wilaya mbili, Bondeni na Mlimani. Bondeni ni wilaya ya mjini yenye wakazi 200,000, na vijana wengi wamehamia huko kutafuta kazi. Mlimani ni wilaya ya shamba yenye wakazi 100,000. Vijana wake wengi wameondoka na wazee wamebaki. Katika mwaka mmoja Bondeni imeandikisha wagonjwa wapya 76, na Mlimani 61.

Mtu wa kwanza atasema: Bondeni pana hali mbaya zaidi, maana wagonjwa ni wengi. Mtu wa pili, aliyekumbuka asili, atagawanya. Bondeni atapata wagonjwa 38 kwa kila watu 100,000, na Mlimani 61. Naye atasema kinyume: hatari iko Mlimani. Huenda hata akaanza kuyatilia shaka maji ya Mlimani, au mbolea yake, au vyakula vyake.

Mtu wa tatu ataomba jedwali la umri, na ataona haya:

Chini ya miaka 40. Bondeni: wakazi 160,000, wagonjwa 16. Mlimani: wakazi 70,000, wagonjwa 7.
Miaka 40 hadi 59. Bondeni: wakazi 30,000, wagonjwa 30. Mlimani: wakazi 18,000, wagonjwa 18.
Miaka 60 na zaidi. Bondeni: wakazi 10,000, wagonjwa 30. Mlimani: wakazi 12,000, wagonjwa 36.

Akigawanya kila mstari peke yake, atakuta kwamba katika wilaya zote mbili kiwango ni 10 kwa vijana, 100 kwa watu wa makamo, na 300 kwa wazee, kwa kila watu 100,000. Hakuna tofauti yoyote. Mlimani haina sumu katika maji yake. Ina wazee wengi. Saratani zilizo nyingi huongezeka sana kadiri umri unavyosonga, na wilaya yenye wazee wengi itakuwa na wagonjwa wengi hata kama mazingira yake ni safi.

Ili kuondoa upotofu huo, wataalamu husawazisha viwango kwa kutumia mfano mmoja wa watu, uliopendekezwa na Mitsuo Segi wa Japani mwaka 1960 na kurekebishwa mwaka 1966. Katika mfano huo, kila watu 100 wana 68 walio chini ya miaka 40, 21 wa miaka 40 hadi 59, na 11 wa miaka 60 na zaidi. Hesabu ya kila wilaya huwa hivi: (0.68 × 10) + (0.21 × 100) + (0.11 × 300) = 60.8. Bondeni 60.8, Mlimani 60.8. Kwa njia hii Tanzania, yenye vijana wengi, huweza kulinganishwa na Japani, yenye wazee wengi, bila ya mmoja kuonewa.

Isifikiriwe kwamba hesabu mbili za mwanzo hazina kazi. Anayepanga vitanda na dawa anahitaji kujua kwamba Bondeni watakuja wagonjwa 76. Anayetafuta chanzo cha ugonjwa anahitaji kiwango kilichosawazishwa. Kosa ni kutumia jibu la swali moja kujibu swali jingine.

Usawazishaji huo hutegemea umri ulioandikwa kwa ukweli. Katika Afrika Mashariki wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, na umri unaotajwa mara nyingi huishia na 0 au 5. Kwa sababu hiyo makarani wa sensa hutumia matukio yanayojulikana: je, mzee alizaliwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961? Alikuwa ameoa wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967? Karani wa hospitali anayeandika "mtu mzima" katika nafasi ya umri ameiharibu kazi yote iliyotangulia.

MAKAZI YA MGONJWA

Figa la ramani lina matatizo yake. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilipewa mamlaka yake yenyewe mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyotoa tiba ya mionzi nchini Tanzania, kabla ya huduma hiyo kuanza pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wagonjwa walisafiri kutoka kila pembe ya nchi.

Mgonjwa anayetoka kijijini Kigoma hufikia kwa ndugu yake, tuseme Temeke. Akiulizwa anaishi wapi, hujibu kwa uaminifu: Temeke, kwa ndugu. Hivyo kiasi cha Dar es Salaam kimeongezeka mmoja na cha Kigoma kimepungua mmoja. Yakirudiwa mambo hayo mara elfu, ramani itaonyesha kwamba saratani ni ugonjwa wa mjini na kwamba mikoa ya mbali imesalimika. Kinachoonekana ni ramani ya barabara na hospitali, wala si ya ugonjwa. Tena anayesafiri ni yule aliyepata nauli. Aliyekosa hufia nyumbani, na jina lake halimo katika daftari lolote.

Kwa hiyo kanuni ya madaftari ni kuandika makazi ya kawaida ya mgonjwa wakati ugonjwa ulipogunduliwa: mkoa, wilaya, kata na kijiji. Mwaka 2022 Tanzania ilifanya kazi kubwa ya kutoa anwani za makazi, sambamba na maandalizi ya sensa ya mwaka huo. Anwani hizo zikiandikwa ipasavyo katika fomu za hospitali, mgonjwa ataweza kurejeshwa penye kata yake, na kiasi kitakutana na asili inayokihusu. Lakini uangalifu wahitajika: nukta moja katika kijiji kidogo yaweza kumtaja mgonjwa kwa jirani zake kama vile jina lake limeandikwa. Ramani inayotolewa hadharani haina budi kuonyesha maeneo mapana, si nyumba.

WATU WANAONGEZEKA, MIPAKA INABADILIKA

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mtu ambaye mwaka 2022 angetumia asili ya mwaka 2012 angepata viwango vilivyozidi ukweli kwa asilimia 37 hivi. Angelitangazia taifa kwamba saratani inapanda kwa kasi, na huenda isiwe imepanda hata kidogo. Ndiyo maana katikati ya sensa hutumika makisio ya idadi ya watu, yanayozingatia vizazi, vifo na uhamaji.

Mipaka nayo haikai mahali pamoja. Mkoa wa Manyara ulitokana na Arusha mwaka 2002. Mwaka 2012 ikazaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikatokana na Mbeya. Mtafiti anayelinganisha Mbeya ya mwaka 2010 na Mbeya ya mwaka 2020 analinganisha nchi mbili tofauti zenye jina moja. Dawa yake ni kuanzia chini: kuandika kata na kijiji, kisha kujumlisha upya kulingana na mipaka inayotakiwa.

HADHARI YA IDADI NDOGO

Ramani ikigawanywa sana huzaa hatari nyingine. Ikiwa kata moja ilitarajiwa kuwa na wagonjwa wanne kwa mwaka, kupatikana wawili au saba si ajabu; ni bahati nasibu tu, kama ilivyo katika kurusha sarafu. Anayepaka rangi nyekundu kata yenye wagonjwa saba, na kijani yenye wawili, anaweza kuzusha hofu pasipo sababu, na mwaka unaofuata rangi zikageuka. Wataalamu hujumlisha miaka mitano au zaidi, au huunganisha kata zinazofanana, kabla ya kutoa hukumu.

FAIDA KWA TAIFA

Kazi yote hii ina makusudi. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Ili kujua baadaye kama chanjo imefanya kazi, na wapi haikufika, itatakiwa kulinganisha viwango vya ugonjwa kata kwa kata na umri kwa umri, kwa muda wa miaka mingi. Asiyeandika leo hatakuwa na cha kulinganisha kesho.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 nchini. Watu hao wamo katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi kwa sababu ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua. Idadi hiyo, ikigawanywa kimkoa, humwambia mpangaji dawa ya kuzuia jua na kliniki za ngozi zipelekwe wapi na kwa kiasi gani, kabla saratani haijaanza.

Yako pia mafumbo ambayo bado hayajafumbuliwa. Saratani ya umio imekithiri katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Lakini Afrika Magharibi ni adimu. Wako wanaotilia shaka vinywaji vya moto sana, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha ugonjwa huo. Zinachunguzwa pia pombe, lishe na moshi wa jikoni. Fumbo hili lafanana na lile la mwaka 1961: ukanda umeonekana, sababu zake hazijakamilika. Litakalosaidia kulifumbua ni viwango vya kweli vya kila wilaya, vinavyoweza kuwekwa kando ya ramani za udongo, mvua, vyakula na desturi.

KAZI KWA SHULE

Walimu wa hisabati, jiografia na biolojia wanaweza kuifanya mada hii kwa pamoja. Wanafunzi watafute idadi ya wakazi wa kata yao katika matokeo ya sensa ya 2022, waigawe kwa umri, na kuchora piramidi yake. Kisha wachore ramani ya kata, waonyeshe zahanati, kituo cha afya na barabara, na kupima umbali kutoka kijiji cha mbali zaidi hadi mahali panapoweza kupima saratani kwa hadubini. Wasitafute majina ya wagonjwa. Si haki yao kuyajua. Mwishowe wajadili swali moja: mama wa kijiji kile cha mbali akipatwa na saratani, je, ataingia katika hesabu ya taifa, na ataandikwa kuwa mkazi wa wapi?

Darasa likigundua kwamba mama huyo hataandikwa popote, litakuwa limefahamu kwa nini nafasi tupu katika ramani haipaswi kuaminiwa upesi. Penye weupe huo huenda pana afya njema, au huenda pana wagonjwa ambao hawajahesabiwa. Na mpaka mafiga yote matatu yatakapokuwa mahali pake, taifa halitajua ni lipi kati ya hayo mawili.